Mnapita Kwetu Saa Mbili Asubuhi

Ratiba niliiandika mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Ilikuwa Alhamisi usiku. Darasa letu la uzamili lilikuwa limemaliza kuwasilisha mapendekezo ya utafiti, na kwenye kundi la WhatsApp mtu akasema tumechoka, tutoke Nairobi Jumapili. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa huko bondeni, nikaachiwa kazi ya kupanga. Nikaandika hivi: saa kumi na mbili asubuhi, kuondoka mjini. Saa moja na nusu, picha kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Saa mbili na nusu, Longonot. Saa saba, Hell's Gate, baiskeli na korongo. Saa kumi, mashua Ziwa Naivasha. Saa kumi na moja na nusu, nyama choma. Saa mbili usiku, Nairobi. Watu ishirini na wawili wakaweka alama ya dole gumba.

Kuna kituo kimoja ambacho sikukiandika. Saa mbili asubuhi gari letu la kukodi lilikuwa linapita Mai Mahiu, mji nilikozaliwa, mbele ya kibanda ambamo mama yangu huwauzia madereva wa malori chai na chapati. Dereva alikuwa anafuata saa zangu. Nikatazama dirishani, nikaona mgongo wa mama akiwa ameinamia jiko, nikanyamaza.

Nataka kubishana na ratiba ile, na zote za aina yake, kwa sababu naziona kila wiki. Zimejaa kwenye simu zetu: sehemu saba za kutembelea karibu na Nairobi, sehemu kumi za kwenda na kurudi siku moja, toroka jiji Jumapili hii. Nadai kwamba ratiba hizi ni mbaya. Zinamdanganya anayesafiri kuhusu muda, zinamficha hatari, na zinamzoeza kupita kwenye makazi ya watu kana kwamba hakuna anayeishi pale. La mwisho ndilo linaloniuma zaidi, lakini nitaanza na muda, maana hapo hata asiyejali habari za kwetu atanielewa.

Longonot ni mlima wa mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita tatu na kitu, nyingi zikiwa za kupanda kwenye vumbi laini la majivu ya volkano. Kuuzunguka ukingo ni kilomita saba nyingine, kisha urudi ulikotoka. Mtu mwenye miguu ya kawaida anahitaji saa nne au tano. Mimi niliwapa wenzangu saa nne na nusu, nikataka katika muda huohuo washuke, wanywe maji, wapande gari na wafike Hell's Gate. Hakuna aliyezunguka kreta. Tulifika ukingoni, tukapiga picha za kutosha, tukateremka mbio. Mashua hatukuiona. Jioni tukaingia kwenye ule msongamano wa magari ya Jumapili ambao kila mkazi wa Nairobi anaujua na kila ratiba inajifanya haupo. Tulifika mjini saa nne na nusu usiku. Nilipojumlisha baadaye, tulikuwa tumekaa ndani ya gari karibu saa nane. Tulilipa fedha nzuri ili tukakae kwenye viti vya matatu, kitu ambacho Jumatatu tungekifanya kwa nauli ya kawaida.

Hapa ikweta haitusamehi. Uingereza wakati wa kiangazi mtu anaweza kuchelewa akiwa bado na mwanga hadi saa tatu usiku. Kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, liwe liwalo. Ukiondoa giza, msongamano na mvua ya alasiri, siku ya safari kutoka Nairobi ina saa sita au saba za kutumia. Mtu anayekuuzia vituo vitano ndani ya saa hizo anakuuzia madirisha ya gari.

Sasa hatari. Wengi wa umri wangu waliofika Hell's Gate wameteremka kwenye korongo la Ol Njorowa. Kuta zake ni nyembamba, zimechongwa na maji, na pale chini ni rahisi kusahau nani aliyezichonga. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwakuta humo vijana wa kanisa waliotoka Nairobi kwa matembezi, na baadhi yao wakafa. Septemba 2019 yakaua tena watalii pamoja na kiongozi wao. Jambo la kuelewa ni kwamba mvua haihitaji kunyesha pale ulipo. Inaweza kunyesha juu, mbali, wakati wewe unatazama utepe wa anga la buluu, na maji yakafika kabla hujapata pa kupanda. Wenyeji wanaoongoza watu kule huangalia mawingu ya upande wa juu kabla ya kukubali kuteremka. Katika ratiba yangu, korongo lilikuwa saa saba mchana, Aprili, katikati ya mvua za masika. Sikuwa nimeandika popote kwamba tukifika tuulize kwanza. Niliandika "mvae viatu vizuri."

Kiongozi wetu siku ile alikuwa kijana wa rika langu. Alikataa. Alitazama upande wa magharibi, akasema leo korongoni hapana, twendeni na baiskeli hadi kwenye majabali turudi. Wenzangu walinung'unika. Mmoja aliuliza kama tukiongeza kidogo atabadilisha mawazo. Nakumbuka niliona aibu, halafu nikakumbuka kwamba ni mimi niliyewaahidi korongo saa saba. Ukishaandika mahali kama saa fulani kwenye orodha, mtu anayekuzuia kufika anaonekana anakuibia.

Jina Mai Mahiu ni la Kikikuyu na maana yake ni maji moto. Mji uko chini ya ukuta wa bonde, pale barabara ya chini kutoka Nairobi inapomaliza kuteremka na kugawanyika, moja kwenda Narok na nyingine Naivasha. Barabara hiyo ilichongwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Walijenga pia kanisa dogo la mawe kando yake mwaka 1942, na mpaka leo lipo, dogo kiasi kwamba ukipepesa macho umelipita. Malori ya kwenda Uganda na kwingineko hulala kwetu. Tumekua tukijua aina za injini kwa sauti. Katika orodha za matembezi, mji wangu unatajwa kwa namna moja: "ukishapita Mai Mahiu."

Mara mbili nimeuona mji huu ukitazamwa na watu wa nje.

Mara ya kwanza ni Machi 2018. Nilikuwa kidato cha tatu. Baada ya mvua kubwa ardhi ilipasuka upande wa kwenda Suswa, ikakata barabara ya Narok, na picha zikazunguka dunia nzima kwamba Afrika inagawanyika mara mbili. Wanajiolojia wengi walieleza kwa upole kwamba bara linatengana kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka, na kwamba ufa ule ulifunguka kwa sababu maji yalisomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yameziba nyufa za chini. Maelezo hayo hayakuwa na mvuto. Magari yalikuja kutoka Nairobi wikendi ile na iliyofuata, watu wakateremka, wakasimama ukingoni, wakapiga picha wakiwa wameachanisha miguu, mmoja upande huu wa Afrika na mwingine upande ule. Kulikuwa na familia ambazo nyumba zao zilikuwa zimepasuka sakafu. Sikuona aliyewauliza watalala wapi. Ufa ulipojazwa mawe na zege, wageni wakaisha.

Mara ya pili ni usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 29 Aprili 2024. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa. Maji yalikuwa yamekusanyika huko juu nyuma ya tuta la reli ya zamani, mahali ambapo mfereji wa kupitisha maji chini ya tuta ulikuwa umeziba. Tuta likashindwa. Maji, matope, mawe na miti vikateremka kwenye kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa wamelala. Walikufa watu zaidi ya 40. Nyumba yetu iko upande mwingine wa mji, maji hayakutufikia. Mama alichemsha chai tangu alfajiri ile na kwa siku nyingi zilizofuata hakumwuliza mtu nani analipa.

Mimi nilikuwa Nairobi, mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Jumatano jioni nilipata ujumbe kutoka kwa mtu ninayemheshimu, ambaye alijua ninakotoka. Uliandikwa hivi: "Pole kwa yaliyotokea. Je, Mai Mahiu inapitika? Tuna safari ya Naivasha Jumapili."

Sijamchukia kwa ujumbe ule. Aliniambia pole kabla ya kuuliza. Lakini nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyosoma baadhi ya makala za darasani, na nimefikia uamuzi kwamba swali lake lilitungwa na ratiba. Mtu ambaye kwa miaka mitano amepita mahali bila kusimama, mahali hapo kikipatwa na msiba, atauliza anachokijua, yaani barabara. Hakujua jina la kijiji. Hakujua kuna reli ya zamani huko juu. Na miaka miwili baadaye mimi, niliyeyajua yote hayo, niliandika ratiba ileile iliyompa swali lile.

Ninajua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. Wenzangu wawili walisoma mawazo haya kabla hayajawa makala. Wa kwanza aliniambia: watu wamechoka, wana siku moja, waache wafurahi, si kila Jumapili iwe somo. Nakubaliana na nusu ya maneno hayo. Anayefanya kazi siku sita Industrial Area ana haki ya kwenda kukaa chini ya mti Naivasha bila kusikia mhadhara kutoka kwa mwanafunzi wa uzamili. Lakini ratiba ya vituo vitano haimpi mti huo. Inampa saa nane za gari na picha arobaini. Ninayemtetea ni huyohuyo aliyechoka.

Wa pili alisema: watalii wanaleta fedha, ukiwatisha mama yako ndiye atakayeumia. Hili nililipeleka kwa mwenyewe. Nilimpigia mama simu Jumatatu baada ya safari yetu, nikakiri kwamba tulipita.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili."

"Mlikuwa wangapi?"

"Ishirini na wawili."

Akanyamaza kidogo. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anapiga hesabu. "Chai na chapati mbili kila mtu," akasema. "Na maji mlinunua wapi?"

"Nairobi. Na mikate pia."

"Haya," akasema mama, na tukaendelea na habari nyingine.

Kwa hiyo tufanye hesabu kama yeye. Gari tulikodi Nairobi. Maji, mikate, soda na hata machungwa vilitoka kwenye duka kubwa la Nairobi, kwa sababu ratiba haikuwa na nafasi ya kusimama. Viingilio vya mbuga tulilipa kwa simu kupitia eCitizen, vikaenda serikalini. Picha ya ukingoni tuliipiga bure, tukawapita wauza kofia na ngozi za kondoo bila kuwaangalia usoni ili wasituitie bei. Kilichobaki bondeni ni kukodi baiskeli, ujira wa yule kiongozi aliyetuzuia, na nyama ya usiku tuliyoila kwa haraka. Fedha za watalii zinaleta faida kwa mahali mtu anaposimama. Ndani ya gari linalopita hazina kazi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika, nalo ni kwamba Nairobi na maeneo haya vinaishi pamoja siku zote saba. Ukiwa Hell's Gate unaona mabomba na moshi mweupe wa mvuke wa Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu 1981. Wenzangu walilalamika kwamba mabomba yanaharibu picha. Mvuke huo ndio unaochaji simu iliyopiga picha. Mahindi, viazi na kabichi za sokoni zinapanda ukuta ule kila usiku. Ziwa Naivasha lilipopanda mwaka 2020 liliingia kwenye nyumba za watu mtaa wa Kihoto, wakati mashua za wageni zikiendelea kuondoka ufuoni. Neno "kutoroka jiji" linatufanya tuamini kwamba jiji linaishia Rironi na baada ya hapo kuna mandhari. Baada ya Rironi kuna watu wanaotulisha na kutuwashia taa.

Kwa hiyo unapangaje? Nitasema ninachofanya sasa, na mtu achukue kinachomfaa.

Chagua mahali pamoja. Kama ni Longonot, iwe Longonot tu, uuzunguke mlima wote, ukae ukingoni uone kivuli cha wingu kikivuka msitu wa kreta. Nenda kwa matatu ukiweza. Za Naivasha zipo Nyamakima tangu alfajiri, na makanga atakushusha njiani ukimwambia mapema. Matatu inakulazimisha kuuliza watu mambo, na ukiuliza watu mambo unajua mengi kuliko orodha yoyote. Anza kupanga kutoka mwisho: amua saa ya kuondoka kule, saa tisa au saa kumi, kisha rudi nyuma uone umebakiwa na nini. Kama ni miezi ya Machi hadi Mei, au mvua za vuli, uliza mvua imenyesha wapi jana, na uulize mwenyeji. Akikwambia usiteremke, mlipe vilevile. Chukua chupa tupu na njaa kutoka Nairobi, vingine ununue unakokwenda. Na kabla ya kuondoka, jifunze jambo moja kuhusu mahali hapo ambalo halionekani kwenye picha.

Au acha Naivasha kabisa. Mwezi wa Juni mimi na mwenzangu mmoja tulienda Olorgesailie kwa barabara ya Magadi. Hakuna baiskeli wala mashua. Kuna joto, miiba, na zana za mawe zilizotapakaa ardhini, maelfu ya shoka za mkono zilizochongwa na viumbe walioishi pale kabla binadamu hajawa binadamu wa leo. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba pale miaka ya 1940, na baadhi ya waliowachimbia walikuwa wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, kama wale waliochonga barabara ya kwetu. Shoka nyingi zimeachwa palepale zilipokutwa, nawe unapita juu ya daraja la mbao ukizitazama. Mzee aliyetutembeza alizungumza nasi kwa saa mbili. Hatukuwa na pa kukimbilia. Nilikaa kwenye kivuli nikifikiri kwamba kuna mtu aliyekaa hapa akinoa jiwe, na kwamba yeye pia huenda alitazama mlima ule akijiuliza kama mvua inakuja. Tulikula ugali na mbuzi kwenye kijumba cha mabati, tukarudi Nairobi kabla ya giza. Picha nzuri nilizopata ni tatu.

Wiki mbili zilizopita kundi la WhatsApp limeamka tena. Muhula umeisha, watu wamechoka, na nimeombwa ratiba. Nimeandika hivi: saa kumi na mbili na nusu, Nyamakima. Saa mbili na nusu, Mai Mahiu, kifungua kinywa. Kisha Longonot. Saa tisa, kurudi. Dole gumba zimepungua hadi tisa. Mmoja ameuliza mbona Hell's Gate haipo, mwingine ameuliza kwa nini tupoteze saa nzima Mai Mahiu, kuna nini pale.

Nimempigia mama kumwambia tunakuja tisa. Ameniuliza kama wanakula maharagwe, na akanionya kwamba darasa langu halitapata punguzo.